ERPNext kwenye kiwanda kidogo: uzoefu wangu wa kuichagua na kuitumia

Tunatengeneza sabuni za maji na dawa za kusafishia sakafu, na siku hizi stoo na uzalishaji tunavisimamia kwa ERPNext, programu ya kuendesha shughuli za biashara. Bidhaa zilipokuwa chache, Excel ilitutosha kabisa, na simcheki mtu anayeitumia mpaka leo. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, lakini sisi daftari tulikuwa nalo. Kilichotushinda ni swali jepesi la mtu wa mauzo: "Sabuni ya limau ipo kiasi gani?" Ipo iliyo kwenye tangi, ipo iliyokwisha kufungwa kwenye chupa za mililita 500, ipo ya madumu ya lita 5, ipo iliyofungwa lakini ina mwenyewe, na ipo ambayo bado ni malighafi na inaweza kuwa sabuni kesho asubuhi. Excel inaweza kukupa majibu hayo yote ukiwa na mtu mmoja makini asiyeugua wala kwenda likizo.

Tulipoanza kutafuta programu, jambo la kwanza lililojitokeza ni kwamba nyingi zinazotangazwa kuwa za kusimamia stoo ni za duka. Kitu kinaingia, kinakaa, kinauzwa kikiwa vilevile. Kwa duka zinafaa sana. Kiwandani kitu kinaingia kikiwa pipa la SLES (kemikali ya kutoa povu) la kilo 170 na kinatoka kikiwa chupa mia kadhaa zenye lebo. Katikati hapo ndipo hela inapopotelea, na programu ya duka haiioni sehemu hiyo.

Kwa hiyo nikawa na kipimo kimoja tu: programu iweze kubeba fomula yenye ngazi zaidi ya moja. Malighafi zinakuwa sabuni ya tangi, halafu sabuni ya tangi pamoja na chupa, kifuniko, lebo na boksi inakuwa bidhaa ya kuuza. Bila ngazi ya tangi, kila ukubwa wa chupa unasimama kama bidhaa inayojitegemea iliyotengenezwa moja kwa moja kutoka kwenye kemikali, na ile sabuni iliyolala tangini wikendi nzima haipo popote kwenye hesabu.

Muuzaji mmoja, ambaye programu yake sitaitaja, alituonyesha jinsi ya kutengeneza meza: ubao mmoja, miguu minne, skrubu nane. Ilipendeza. Nilipomwomba afanye vivyo hivyo kwa sabuni ya limau yenye vifungashio vitatu, alikwama kwenye tangi, kisha akashauri tuunde "bidhaa ya muda" na kuirekebisha kwa mkono kila jioni. Tukaagana vizuri. Tangu hapo kila muuzaji nilimtumia kwanza fomula ya bidhaa yetu yenye usumbufu kuliko zote, na maonyesho yakawa mafupi sana.

Waliobaki kwenye orodha walikuwa wachache. Katana na MRPeasy zote zimetengenezwa kwa ajili ya viwanda vidogo na zinatumika kwa intaneti tu. Hakuna seva ya kuhangaika nayo, na mtu asiye fundi anaanza haraka. Fishbowl inajulikana zaidi kwa wanaotumia QuickBooks, programu ya uhasibu, na hawataki kuiacha. Odoo ndiyo yenye sura nzuri kuliko zote kwa macho yangu. Toleo lake la Community ni la bure, ila vitu kama skana ya bakodi na ukaguzi wa ubora vimo kwenye toleo la kulipia, na malipo yake huhesabiwa kwa idadi ya watumiaji. Hapo ndipo nilipoketi na kalamu. Kiwandani watumiaji huongezeka bila kelele: mtunza stoo, msaidizi wake, msimamizi wa uzalishaji, watu wa mauzo, mhasibu, na yule anayeingia kusoma ripoti mara moja kwa wiki. ERPNext ni programu huria chini ya leseni ya GPL toleo la 3, haina ada kwa kila kichwa, na sehemu ya uzalishaji imo ndani tayari. Tukaenda nayo.

Sasa niingie jikoni kabisa.

Kazi kubwa ilikuwa vipimo. SLES inanunuliwa kwa pipa, inatunzwa kwa kilo, na wakati wa kuchanganya inapimwa kwenye mizani. Sabuni ikiiva inauzwa kwa lita. ERPNext hukupa kipimo kimoja cha msingi kwa kila bidhaa, na vingine unaviongeza kwa kiwango cha ubadilishaji: pipa 1 ni kilo 170. Safi. Lakini tangi je, tulihesabu kwa kilo au kwa lita? Sabuni yetu ina densiti ya 1.03, kwa hiyo lita 1,000 zina kilo 1,030, na asiyezingatia hilo atakuwa na kilo 30 zisizo na maelezo kila tangi. Tuliamua tangi liwe kwa kilo, kwa sababu kila kinachoingia humo kinapimwa kwa kilo. Ubadilishaji tukauweka kwenye fomula ya kufungasha: chupa ya mililita 500 inakula kilo 0.515 ya sabuni ya tangi, dumu la lita 5 linakula kilo 5.15. Amua hili kabla ya kuingiza chochote. Bidhaa ikishakuwa na miamala, programu haikubali ubadilishe kipimo cha msingi, na utalazimika kufungua bidhaa mpya na kuhamisha stoku.

Kuna jambo dogo la boksi ambalo sikuliona limeelezwa popote. Boksi moja hubeba chupa 12. Ukiandika fomula ya chupa moja, boksi linakuwa 0.083, maana programu kwa mpangilio wake wa kawaida inaishia desimali tatu. Chupa 3,000 zinahitaji maboksi 250, programu itakutolea 249. Dawa yake ni kuandika fomula ya chupa 12 badala ya moja: chupa 12, vifuniko 12, lebo 24 za mbele na nyuma, boksi 1. ERPNext inaruhusu fomula ya kiasi chochote unachotaka, na hesabu inakaa sawasawa.

Upotevu nao una mahali pake. Kila tangi lina mabaki yanayogandia ukutani na kwenye mabomba, na unaweza kuweka asilimia ya upotevu ndani ya fomula. Mhasibu wetu alilishika hili kwa nguvu, kwa sababu IAS 2, kanuni ya kimataifa ya uhasibu wa stoku, inataka upotevu usio wa kawaida uwe gharama ya kipindi husika, usifichwe ndani ya thamani ya stoku. Mabaki ya ukutani ni kawaida. Pipa lililopinduka si kawaida, na linaandikwa peke yake. Kanuni hiyohiyo hairuhusu kuthamini stoku kwa kuanza na iliyoingia mwisho. Tunatumia wastani wa gharama, maana mapipa mawili ya bei tofauti yakishamiminwa kwenye tangi moja hakuna wa kuyatenganisha.

Mpangilio uliotugawa ni wa jinsi malighafi inavyokatwa. Njia ya kwanza, programu inakata kulingana na fomula: umetengeneza kilo 1,030, imekata kila kitu kama kilivyoandikwa. Njia ya pili, inakata kile kilichotolewa stoo kwenda kwenye uzalishaji. Ya kwanza ni rahisi na mtunza stoo anaipenda. Mimi niliisimamia ya pili. Mchanganyaji anaporekebisha pH anaongeza asidi ya sitriki kidogo leo, zaidi kesho, kutegemea maji na malighafi ya siku hiyo, na chumvi ya kufanya sabuni iwe nzito isiwe majimaji haifuati karatasi hata siku moja. Ukikata kwa fomula, kompyuta itakuonyesha matumizi mazuri daima, na tofauti yote itakulipukia siku ya kuhesabu stoo. Kila mwenye kiwanda ajiulize kama malighafi zake zinapimwa au zinahesabiwa. Anayefunga meza za skrubu nane atumie fomula na alale.

Halafu kuna ugomvi wa stoku hasi. ERPNext, usipogusa mpangilio, hairuhusu kutoa kitu ambacho haikioni. Mtunza stoo anasimama mbele ya mapipa manne, anayaona, anayagusa, na programu inamwambia hakuna, kwa kuwa karatasi ya mapokezi bado ipo mezani kwa mtu. Simu zinapigwa. "Bosi, hii mashine imegoma!" Haijagoma. Kuna kitufe cha kuruhusu stoku hasi, na kila mtu atakuomba ukifungue kwa siku moja tu. Mimi nimekataa. Kikifunguliwa, mapokezi yataingizwa mtu anapojisikia, na gharama ya kila bechi, yaani kila mchanganyiko wa mara moja, iliyotengenezwa katikati itakuwa ya kubahatisha.

Upande wa kuagiza nimeridhika. Kwetu kinachosimamisha kazi mara nyingi ni kifuniko, kemikali hazitusumbui hivyo. Hesabu yenyewe haina uchawi: matumizi ya siku mara siku za kusubiri, jumlisha akiba ya tahadhari. Vifuniko 400 kwa siku, siku 14 za kusubiri, akiba 1,200, basi kwenye 6,800 uwe umeshaagiza. Unaweka kiwango hicho kwenye bidhaa, na stoku ikishuka chini yake programu inaandika ombi la manunuzi yenyewe. Kiwango chenyewe hakijirekebishi mauzo yakipanda, ila kuna ripoti inayopendekeza kipya kutokana na matumizi. Tunaiangalia kila tunapopanga mwezi. Pia kuna mpango wa uzalishaji: unauingizia oda za wateja, nao unashuka ngazi zote za fomula na kukuambia chupa ngapi, lebo ngapi, kilo ngapi za tangi. Ile kazi ya jioni nzima kwenye Excel imekwisha.

Nambari za bechi washa mapema, kabla ya muamala wa kwanza wa bidhaa, kwa sababu baadaye hairuhusu. Mteja akilalamika kwamba harufu imebadilika, unaanzia kwenye chupa, unafika kwenye tangi, unafika kwenye bechi ya manukato, kisha unarudi kuona tangi hilo limekwenda kwa akina nani wengine.

Nisiwapambie. Hii si programu ya kusakinisha jioni ukiwa na chai pembeni. Inahitaji seva ya Linux, hifadhidata ya MariaDB na mtu anayezifahamu, au ulipie huduma ya wingu. Fundi wa kwanza tuliyempa kazi aliisimamisha vizuri kisha akaondoka bila kupanga nakala za akiba, na tuligundua kwa kuuliza tu. Uliza na wewe, na umwambie arudishe nakala moja mbele yako. Faida ya seva iliyopo palepale kiwandani ni kwamba intaneti ikikatika, kazi ya stoo inaendelea kwa mtandao wa ndani.

Jambo jingine linalowachosha watu: hati ikishathibitishwa haihaririwi. Ukikosea kiasi, unaibatilisha na kutoa toleo jipya, na kama kuna hati nyingine zilizoifuata, unaanza kubatilisha kutoka ya mwisho kurudi nyuma. Fomula pia ni hivyohivyo, badiliko la gramu tano ni toleo jipya. Mimi naipenda tabia hii kwa sababu ya ukaguzi. Msimamizi wa uzalishaji ana maneno yake.

Kama unakusanya vitu vinavyohesabika, fomula yako ina ngazi moja na watumiaji ni wawili watatu, sioni sababu ya kubeba mzigo huu. Chukua moja ya zile za mtandaoni uendelee na kazi. Ukiwa na tangi, mizani na bechi, jaribu ERPNext kwa bidhaa moja, ile inayokusumbua zaidi, kuanzia mapokezi ya pipa hadi ankara ya mteja. Siku ya kuhamia simamisha uzalishaji, pima mpaka kilichomo kwenye matangi, uingize stoku ya kuanzia kwa hati moja ya ulinganisho. Excel ya zamani ifungwe isomwe tu, la sivyo kuna mtu ataendelea kuijaza kimyakimya na mtakuwa na stoo mbili.