Rota ya 12.5 na ya 12.3: kwa joto letu hili, mimi nachukua nene

Kazi yangu ni kusuka mota za feni na pampu hapa Majengo. Magari ya rimoti ni starehe ya Jumapili tu, na vijana wa mtaa. Kila mmoja wao anataka rota nyembamba, yaani ile sumaku yenye shafti inayozunguka ndani ya mota, kwa sababu ameambiwa inakimbia. Basi nikaagiza zote mbili mtandaoni, ya kipenyo cha 12.5 mm na ya 12.3 mm, shafti 3.17 mm, nikazitia kwa zamu kwenye mota ileile isiyo na brashi, ya mizunguko 17.5 ya waya. Taiming, yaani wakati umeme unapoingia kwenye waya, sikuigusa, gia sikubadilisha.

Nyembamba inakimbia kweli. Ukiiwasha juu ya meza, bila mzigo, utaipenda. Lakini sumaku yake ni ndogo, na sumaku ikipungua kila ampia inatoa nguvu kidogo. Uwanja wetu ni maegesho ya lami, kona tumezipanga kwa vipande vya mpira wa maji, na hapo pa kunyoosha hapafikishi gari kwenye kasi yake ya mwisho. Mbio zote ni kutoka kwenye kona. Kila ukitoka, mota inavuta umeme mwingi ili kusukuma, na umeme huo unageuka joto.

Nilipima kwa kile kipimajoto cha kuelekeza mwali. Baada ya mbio moja nyembamba ilikuwa nyuzi 84, nene 67. Tofauti hiyo si ya kupuuza, jamani. Sumaku ya neodimiamu ya kawaida ikipita nyuzi 80 hivi huanza kupoteza nguvu, na nguvu hiyo hairudi hata mota ikipoa. Na huku Februari hewa yenyewe ni 33, lami huwezi kuikanyaga pekupeku. Unaweza kupunguza meno ya gia ndogo, nami nikapunguza mawili, joto likashuka. Lakini kasi uliyoinunua nayo ikashuka, sasa faida iko wapi?

Kwa ubora, nene imetengenezwa vizuri. Nyuzi zilizofungwa juu ya sumaku zimelala sawa, hakuna uliopanda mwenziwe, na kwenye pete ya shaba unaona vishimo vidogo walipotoboa ili kusawazisha. Haitetemeki. Nyembamba ilikuja na gundi iliyofura ukingoni; nikaipima kipenyo kwa vernia, ikasoma 12.26. Na washa, vile vipete vyembamba vya kuziba nafasi kwenye shafti, ambazo kwenye tangazo zilikuwepo, kwenye pakiti hazikuwemo. Nilimwandikia muuzaji, akanijibu kwa kidole gumba, basi. Washa nikachonga mwenyewe, maana rota isipobaki na nafasi ya kucheza ya kama 0.2 mm hivi inabana beringi.

Nene nayo ina kero yake. Ukiachia trigi, gari linajifunga breki lenyewe, na mkia unatoroka kwenye kona. Ingia kwenye kontrola, kile kifaa kinachoiendesha mota, upunguze breki ya kuachia, utakaa sawa. Na kama mna uwanja mkubwa wenye mnyoosho mrefu, msinifuate mimi: huko nyembamba itakupita ukiiona.

Jambo ambalo wauzaji wa ng'ambo hawaliandiki ni chumvi. Sumaku hizi zina chuma ndani, na rangi ya juu ikichubuka tu, upepo wa bahari unamaliza kazi. Ukirudi kutoka uwanjani fungua, pangusa kwa kitambaa chenye mafuta kidogo, uhifadhi kwenye kopo lenye zile pakiti za kunyonya unyevu zinazokuja na viatu. Beringi vilevile.

Bei ya rota haifiki nusu ya mota mpya, kwa hivyo kama stata yako, ile sehemu ya waya isiyozunguka, bado nzima, badilisha rota tu. Nyembamba ninayo hapa dukani, gundi nimeisugua na kuipaka upya. Anayeitaka aje tuzungumze.