Gesti ya Mkunazini: ukibuku kwa wasapu ni nafuu zaidi
Jamani hii gesti iliopo Mkunazini, ndani ya vichochoro vya Mji Mkongwe, Zanzibar, naipa nyota nne na inastahiki haswa. Kubuku unaweza kupitia Booking.com lakini ukiwaandikia wasapu moja kwa moja bei inashuka, kwa sababu ile komisheni wanayokata Booking.com, mara nyingi kama asilimia 15, haiendi nje inabaki hapa hapa kwetu, na hilo kwangu ni jambo kubwa mno. Tena mgeni wa nje wanamtumia mapema linki ya bima ya safari, ile ya lazima kwa wageni wa nje wanaoingia Zanzibar, ya dola 44, iliyoanza Oktoba 2024, analipia kwa simu kabla hajapanda ndege, akifika eapoti hana wasiwasi.

Kijana wao anakupokea Darajani, maana ramani ya simu kwenye vichochoro vile inachanganyikiwa. Mkate wa ufuta asubuhi, mashaallah. Intaneti ina kasi, kuna wageni wanakaa mwezi mzima na laptop zao juu ya paa wanapiga kazi.

Nyota moja nimeitoa kwa malipo, kadi wanakubali ila wanaongeza makato, walirekebishe hilo, wageni wa sasa wengi hawatembei na pesa taslimu.