Maji magumu Mwanza: kipi ununue, kipi uachane nacho

Maji magumu ni yale yenye kalsiamu na magnesiamu nyingi. Kabla hujatoa hela jiulize maji yako yanatoka wapi. Kama unavuta ya MWAUWASA, mamlaka ya maji ya Mwanza, hayo ni ya ziwani, na maji ya Victoria ni laini yenyewe, mashine ya kulainisha itakuwa pambo tu. Mwenye shida ni wa kisima kirefu, sabuni haitoi povu, birika lina gamba jeupe na koili ya hita inaungua kila mara. Muuzaji akichovya kale kakipimo ka TDS (jumla ya vilivyoyeyuka majini) akakutisha na namba, mwache, kanapima kila kilichoyeyuka humo hata chumvi ya mezani. Peleka sampuli maabara ya maji ya wizara, ipo hapa hapa mjini, waombe ugumu, chuma na floraidi. Ugumu chini ya miligramu 60 kwa lita ni laini, ikipita 180 hapo kweli ni magumu sana.

1. Mashine ya resini (vipunje vya plastiki maalumu) na tangi la chumvi. Hii ndo inayotoa kalsiamu na magnesiamu kweli, resini inazishika inaachia sodiamu, ikijaa unaiosha kwa maji ya chumvi. Sasa wengi wanakwama kwenye presha: simtanki juu ya mnara wa mita 5 inakupa nusu bar tu, na mashine nyingi zinataka bar moja na nusu kwenda juu, kwa hiyo piga hesabu na pampu. Kisima kikiwa na chuma tanguliza filta yake la sivyo resini inakufa mapema. Chumvi iwe safi, ile ya mawe yenye mchanga inaacha tope. Mimi ningechukua valvu ya kuzungusha kwa mkono, umeme wetu mnaujua. Na fundi aache bomba la kunywa lisipite humo, hasa kama nyumbani kuna aliyekatazwa chumvi. Maji ya kuoshea resini usiyaelekeze kwenye mchicha, utakauka.

2. Gata na simtanki. Mvua haina ugumu, kufua na kuoga safi kabisa, tatizo Juni mpaka Agosti tanki linalia tupu.

3. RO ya chini ya sinki, ile ya kusukuma maji kwenye utando mwembamba wa kuchuja. Ya kunywa tu na inamwaga maji mengi, ila floraidi inapunguza, resini haiigusi.

4. Sumaku za kufunga kwenye bomba. Hapana aisee. Kalsiamu inaingia, kalsiamu ile ile inatoka.