Indian Pueblo Cultural Center, Albuquerque: pitia hapa kabla ya sikukuu ya kijijini

Kituo hiki kilifunguliwa mwaka 1976, na wanaokimiliki ni jumuiya 19 za Wapueblo, wenyeji asilia wa New Mexico, Marekani. Kwa anayepanga kuhudhuria sikukuu ya kila mwaka katika kijiji cha mojawapo ya jumuiya hizo, hapo ndipo thamani yake ilipo: anayekueleza mila ni mwenye mila.

Anzia makumbusho, uani utakwenda baadaye. Ndani utaelewa kwamba jumuiya hizo zina lugha tano, Keres, Tewa, Tiwa, Towa na Zuni, na kila jumuiya ina serikali yake na masharti yake. Ndiyo maana kumwambia askari wa kijiji kwamba kwa jirani uliruhusiwa hakukusaidii kitu.

Ngoma za wikendi zinachezwa uani, katikati ya michoro ya ukutani iliyofanywa na wasanii wa Kipueblo. Ni nzuri sana, ila usizichukue kuwa mfano wa kijijini. Hapa kuna ratiba na maelezo kwa wageni. Kijijini ngoma huanza wachezaji wanapokuwa tayari, kwa kawaida baada ya misa ya asubuhi, na inayochezwa ni sala. Kwa hiyo hakuna makofi, wala hupaswi kumsimamisha mchezaji umuulize maana ya vazi lake. Viti vilivyopangwa kuzunguka uwanja ni vya familia hata vikiwa vitupu. Simama nyuma yake, na mwavuli ufunge, maana unamziba bibi aliyekaa nyuma yako kumtazama mjukuu wake. Usikatize uwanja. Usipande ngazi za kiva, chumba cha ibada, hata kama juu yake kunaonekana vizuri zaidi.

Kosa linalofukuzisha wageni ni picha. Siku ya sikukuu vijiji vingi hukataza kabisa picha, video, kurekodi sauti na hata kuchora kwa penseli. Simu iache garini, kwa sababu ukiitoa kutazama saa tu, anayekuona hawezi kujua kama unapiga picha, na kifaa kinaweza kuchukuliwa. Ukali huu una historia. Mwaka 1921, na tena 1923, kamishna wa serikali ya Marekani aliyesimamia mambo ya wenyeji asilia, Charles Burke, alitoa nyaraka za kubana ngoma zao. Watu ambao sala yao iliwahi kuhesabiwa kosa wana haki ya kuamua nani ataondoka na picha yake.

Mkahawa wa kituo unastahili kutembelewa: mkate wa tanuri la udongo na mchuzi wa pilipili nyekundu vitakuzoesha ladha utakazokutana nazo mezani kwa watu. Adabu ya meza ya kijijini, hata hivyo, ni nyingine. Usiingie nyumba yoyote bila kualikwa. Ukialikwa, kukataa si uungwana. Kaa, kula, shukuru, kisha inuka mara moja, kwani kuna kundi lingine linalosubiri viti hivyo hivyo. Usiache pesa mezani. Umekula kama mgeni wa nyumba, na bei inaugeuza ukarimu wao kuwa biashara. Ukitaka kutumia pesa, nunua vyungu na mapambo kwa mafundi wenyewe.

Upungufu wa kutembelea kituo peke yake ni kwamba hakiwezi kukupa ruhusa ya kijiji chochote. Kijiji cha San Felipe husherehekea 1 Mei, Kewa 4 Agosti, Acoma 2 Septemba, Taos 30 Septemba na Jemez 12 Novemba, hata tarehe ikiangukia katikati ya wiki. Siku moja kabla, pigia simu ofisi ya jumuiya husika: msiba ukitokea, kijiji kinaweza kufungwa kwa wageni, na utakuta kizuizi barabarani.