TAHADHARI: Muuzaji wa baiskeli za kaboni zilizovunjika, alianzia Uyole na sasa yuko Iringa

Ndugu zangu waendesha baiskeli wa Mbeya, Tukuyu, Njombe na Iringa, naandika nikiwa bado na hasira na sitajaribu kuificha. Yupo mtu anayeuza baiskeli za mbio ambazo fremu zake za kaboni (nyuzi nyepesi zilizogandishwa kwa gundi) zimeshavunjika, zikazibwa kwa pati, ule udongo wa kuzibia bodi za magari, na kupakwa rangi mpya, na wiki hii ametangaza nyingine akiwa Iringa. Jina lake silitaji hapa kwa sababu jalada lipo polisi. Wale mliokuwepo jioni ile aliponiuzia mimi moja pale Uyole mnamkumbuka kwa sura, na mliocheka kwenye kikundi nilipotuma picha ya fremu yake nawaomba msome kwanza mpaka mwisho.

Nilikuwa natafuta baiskeli ya kunifaa kwa milima yetu, na tangazo lake lilinifikia kupitia mtu ninayemheshimu. Bei ilikuwa shilingi 3,200,000. Haikuwa bei ya kutupa, na hilo ndilo lililonipa imani, kwa kuwa sote tumezoea kwamba tapeli huuza kwa bei ya kushangaza. Tulipoanza kujadiliana hakushuka kirahisi. Alisema kaka yake aliitumia Ubelgiji kwa misimu michache na kwamba angeona aibu kumpelekea fedha kidogo, na tulifika shilingi 2,700,000 baada ya mabishano ambayo, nikiyafikiria sasa, aliyaigiza vizuri kuliko watu wanaolipwa kwa kazi hiyo.

Alikuja na Noah, baiskeli ikiwa imefungwa kwa blanketi kama maiti. Akanisalimia Kinyakyusa, akaniita mwalimu, akaifunua taratibu. Ilikuwa nyekundu iliyoiva, inang'aa, na ile mvua nyepesi ya Uyole ilikuwa inateleza juu yake kwa matone. Alitoa mizani ya kuning'iniza, ile ya ndoano ambayo wauza nyama hutumia, akaitundika baiskeli mbele yangu, na mshale ukasimama karibu na kilo nane. Nami nilitarajia asifie wepesi wake. Badala yake alisema, "Mwalimu, wengine watakudanganya kwamba ni kilo saba. Hii ni nane kasoro, na hata UCI, wale wa shirikisho la baiskeli la dunia, hawaruhusu baiskeli ya mashindano iwe chini ya kilo 6.8, kwa hiyo usisumbuke na gramu." Maneno hayo ni ya kweli. Kanuni hiyo ipo tangu mwaka 2000. Alinionyesha pia alama ya UCI kwenye fremu, ile inayowekwa kwa fremu zilizoidhinishwa tangu mwaka 2011, na alama yenyewe ilikuwa halali, maana fremu nayo ilikuwa halali kabla haijavunjika.

Kisha tukazungumzia njia, na hapo ndipo aliponimaliza. Nilimwambia kwamba nataka kupanda kutoka Uyole hadi Isyonje, kuteremka Kiwira na Tukuyu, na siku nyingine kuendelea mpaka Kyela. Akauliza uzito wangu. Akainama, akahesabu kwa kidole meno ya sproketi, yale magurudumu ya meno yanayovutwa na mnyororo: mbele 50 na 34, nyuma kubwa 32. Akasema kwa Isyonje zinatosha, lakini nikitaka kupanda barabara ya Chunya nibadilishe ile ya nyuma niweke ya meno 34 kwa ajili ya magoti. Ni mwizi gani anayejali magoti ya mteja? Halafu akaongeza, bila kuulizwa, kwamba amezitoa rimu za kaboni na kuweka za alumini, kwa sababu breki zake ni za mpira unaobana rimu, na ukitoka mita zaidi ya 2,000 pale Isyonje hadi takriban mita 500 kule Kyela huku unafunga breki kila kona, rimu ya kaboni hupata joto kiasi cha gundi yake kulegea. Hilo nalo ni kweli tupu, na ni jambo ambalo hata baadhi ya mafundi wetu hawalijui.

Aliniambia kasoro moja ndogo pia: kibadilisha gia cha nyuma kilikuwa na mkwaruzo. Na karibu na kichwa cha fremu, chini ya bomba la chini, palikuwa na mstari mwembamba kama unywele kwenye rangi. Niliuona mwenyewe na nikauliza. Alipitisha ukucha juu yake, akatabasamu, akasema ni kokoto za volkano, zile nyepesi zenye matundu zinazotapakaa pembeni mwa barabara kwenye miteremko ya Rungwe, zinazorushwa na matairi ya malori yanayokwenda mpaka wa Kasumulu. Kila mmoja wetu ameshapigwa na kokoto hizo. Nani angebisha?

Nilijaribu kuiendesha kuelekea Igawilo na kurudi, gia zikaingia laini kabisa, giza likaanza kushuka, nikatuma fedha kwa simu. Zilipoingia akaweka mkono kifuani na kusema, "Ndaga fijo, mwalimu." Asante hiyo ya Kinyakyusa bado inanichoma zaidi ya fedha yenyewe. (Mke wangu hajui bei kamili hadi leo, na anayemfahamu naomba anitunzie siri hiyo.)

Mlio ulianza nilipokuwa napanda Isyonje nikiwa nimesimama kwenye pedeli, mlio mkavu uliofuata kila msukumo wa mguu. Nilidhani ni krenki, ile mikono inayoshika pedeli. Nilivuka kileleni na kuanza kuteremka, na kwa bahati nilipunguza mwendo nyuma ya lori la viazi, kwani nilipotazama chini ule mstari wa kokoto ulikuwa umezunguka karibu nusu ya bomba, na rangi imepasuka kwenye kingo zake. Nilishuka, nikatembea kwa miguu kwenye mvua nikiikokota.

Fundi wetu wa Mwanjelwa aliikwangua kwa msasa. Chini ya rangi palikuwa na pati ile ile ya mafundi wa magari, chini ya pati kitambaa cha nyuzi za kioo kilichobandikwa ovyo, na chini ya kitambaa palikuwa na mpasuko wa zamani wenye uchafu ndani yake. Bila shaka sehemu ya zile "nane kasoro" ilikuwa pati. Chuma hupinda kwanza na kukupa nafasi ya kusimama, lakini kaboni iliyokwisha kupasuka huachia mara moja, na kwenye miteremko ile ambako baiskeli hufika kilomita 60 kwa saa bila kupiga pedeli, mbele yako kuna lori na kulia kwako kuna korongo. Mtu huyu alijua vizuri kabisa ninakwenda kuteremka wapi, kwa sababu nilimwambia kwa mdomo wangu, naye akanishauri kuhusu breki huku akijua kwamba fremu itakatika kabla breki hazijapata moto.

Ndiyo maana sikubali kuambiwa kwamba hili ni suala la madai ya fedha tu. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 302, inatoa kifungo cha hadi miaka saba kwa anayejipatia mali kwa udanganyifu, na kwangu miaka saba ni michache kwa mtu aliyeuza kifo kilichopakwa rangi nyekundu. Afungwe, arudishe fedha, na ile mizani yake ya ndoano ichukuliwe kama kielelezo. Nitahudhuria kila kesi hata ikiahirishwa mpaka nizeeke. Na huyo anayempakia rangi naye atafutwe, kwa sababu kazi ile ni ya mtu mwenye gereji na kipulizio, haikufanyika uani.

Dalili zilikuwepo, nazitaja kama zinavyonijia. Rangi ilikuwa mpya wakati skrubu zilikuwa na kutu. Namba ya fremu, chini pale krenki zinapopita, ilikuwa imesagwa na kufunikwa kwa stika. Jina lililotokea kwenye simu kabla ya kuthibitisha malipo lilikuwa la mwanamke, naye akasema ni la mke wake. Alitaka tuonane jioni, tena njiani, na hakutaka twende kuandikiana kwa mtendaji wa mtaa. Gonga fremu kwa sarafu toka mwanzo hadi mwisho wa bomba. Penye pati mlio hufifia na kuwa mzito, ingawa kipimo hicho peke yake hakitoshi. Namba zake za simu nimeziripoti kwa kutuma ujumbe kwenda 15040, ile namba ya kuripoti matapeli wa simu, lakini anabadilisha laini kama anavyobadilisha rangi za fremu.

Baiskeli anayoitangaza sasa ni ya bluu, na ukuta wa matofali ya kuchoma ulio nyuma yake ni ule ule wa picha za ile nyekundu. Ndugu zetu wa Iringa mnaopanda kutoka Ipogolo kila Jumamosi, akiwafuata mtu mpole anayehesabu meno ya sproketi kwa kidole, msimfukuze wala msimpige. Mwambieni mnahitaji siku moja ya kutafuta fedha, kisha mtoe taarifa kituo cha polisi na mnipigie, kwani nina nakala ya muamala na fremu iliyokwanguliwa, na basi la asubuhi kutoka Mbeya linanifikisha huko siku hiyo hiyo. Na yeyote aliyewahi kuiona ile fremu nyekundu ikiwa na rangi nyingine, au anayejua ilivunjikia wapi, anitumie picha, kwa sababu mpelelezi anaihitaji.