Beyond the Rocks kwenye DVD: nilimfuata Valentino, nikaishia kumhurumia mume

Kwa sisi tuliolelewa na picha za Kihindi, hadithi ya Beyond the Rocks, picha bubu ya Hollywood ya 1922, haina jipya. Theodora, binti wa watu walioishiwa, anaolewa na Josiah Brown, tajiri mfupi mnene wa rika la baba yake. Roho yake iko kwa Lord Bracondale, kijana aliyemwopoa baharini. Mume na mke wanakwenda fungate milima ya Alps, bibi harusi anaporomoka gengeni, na nani anashuka na kamba? Steringi yuleyule. Shangazi, niliyekuwa naye, akacheka: "Huyu kijana hana kazi nyingine?"

Mvuto wake ni kwamba ndiyo picha pekee waliyocheza pamoja Gloria Swanson, ndiye Theodora, na Rudolph Valentino, ndiye Bracondale, na kwa miaka mingi ilihesabiwa imepotea. Valentino alifariki 1926 akiwa na miaka 31. Swanson aliishi mpaka 1983, na picha ilikuwa bado haijulikani iliko. Ikaja kuonekana Uholanzi, kwenye makopo yenye kutu, yapata 2,000, aliyoyaacha mkusanyaji mmoja wa Haarlem. Jumba la filamu la Amsterdam likaiunganisha, ikaonyeshwa 2005, na kampuni ya Milestone ikatoa DVD.

Msitarajie usafi. Filamu za zamani zilikuwa za naitreti, kitu kinachooza chenyewe hata kikiwa kimefungiwa. Kuna mahali madoa yanachemka juu ya sura za watu, kisha yanapita. Mimi hayakunikera. Kilichonikera ni sauti: muziki mpya umechanganywa na milio ya vitu, kana kwamba watengenezaji waliogopa tutasinzia. Picha bubu iachwe bubu. Nilipunguza sauti mpaka mwisho, na nguo za Swanson zikatosha kunikesha.

Halafu ikaja ile sehemu ya barua. Theodora anaandika mbili, ya mume na ya mpenzi, na mwanamke mwenye kijicho anazibadilisha. Josiah anafungua, anasoma maneno ambayo hakuandikiwa yeye. Robert Bolder, anayemcheza Josiah, ambaye mpaka hapo alikuwa kichekesho na mafua yake, hapigi kelele wala harushi kitu. Anazeeka tu palepale mbele yetu. Shangazi aliacha kucheka. "Masikini, mzee wa watu." Anachoamua baadaye ni kujipeleka jangwani kwenye hatari ili mkewe awe huru, na kuanzia hapo Valentino, pamoja na uzuri wake wote, kwangu akawa kama mgeni mwalikwa.

Diski hiyohiyo ina The Delicious Little Devil ya 1919, Valentino akiwa hajapata jina. Mwenye picha humo ni Mae Murray. Shangazi aliipenda kuliko hii. Mimi ningeiruka.