Casio fx-991ES PLUS kwa mwanafunzi wa takwimu: tathmini ya mwalimu

Kwa miaka kadhaa nimefundisha takwimu na uwezekano katika kidato cha tano na cha sita, na kikokotoo kilichokaa mezani pangu muda mrefu kuliko vingine vyote ni Casio fx-991ES PLUS. Nataka kupima jambo moja tu kuhusu chombo hiki: je, kinamsaidia mwanafunzi kuelewa kibadilika nasibu ni nini, na sampuli inatofautianaje na kundi zima ilikotoka? Jibu langu ni kwamba kinamsaidia sana, ila msaada wenyewe uko kwenye vitufe ambavyo wanafunzi wengi huvipita bila kuviuliza maana.

Nitatumia mfano wa darasani. Mfanyabiashara ana trei 400 za mayai stoo, naye anataka kukadiria hasara ya mayai yaliyopasuka. Idadi ya mayai yaliyopasuka katika trei iliyotolewa kwa kura ni kibadilika nasibu: kabla ya kuikagua hatujui kama tutakuta sifuri, moja au matatu, lakini kila thamani ina uwezekano wake, na uwezekano wa thamani zote ukijumlishwa hupatikana 1. Tuseme tumekagua trei kumi. Nne hazina yai lililopasuka, tatu zina moja moja, mbili zina mawili mawili, na moja ina matatu.

Takwimu hizi huingizwa kwa kubonyeza MODE, kisha 3, kisha 1. Safu ya FREQ, inayobeba idadi ya marudio, iwashwe mapema katika mipangilio, kwa sababu kuibadilisha baadaye hufuta kila kitu kilichoingizwa. Kikokotoo kitatoa wastani wa 1, kisha kitaonyesha vipimo viwili vya mtawanyiko vilivyopangwa jirani: σx ambayo ni 1 kamili, na sx ambayo ni 1.054092553. Hapa ndipo ninapokithamini zaidi chombo hiki. Jumla ya vipeo vya pili vya tofauti kutoka kwenye wastani ni 10. Kipimo cha σx huigawa kwa 10, yaani idadi ya trei, na sx huigawa kwa 9, kabla ya kutafuta kipeuo cha pili. Kama trei hizo kumi ndizo zote alizo nazo mfanyabiashara, σx ndiyo sahihi. Kama zimetolewa katika 400, tunatumia sx, kwa kuwa wastani tulioupimia umetokana na trei hizo hizo kumi, nazo kwa kawaida huwa karibu na wastani wao wenyewe kuliko zilivyo karibu na wastani wa kweli wa stoo nzima. Kugawa kwa 9 hufidia upungufu huo. Kikokotoo hakimchagulii mwanafunzi, na ninaona ni vyema hivyo, maana anayelazimika kuchagua analazimika kwanza kujiuliza anazungumzia sampuli au kundi zima.

Kuna zoezi ambalo nalipenda kuliko yote. Badala ya marudio 4, 3, 2 na 1, mwanafunzi aingize uwezekano wenyewe katika safu ya FREQ: 0.4, 0.3, 0.2 na 0.1. Wastani unaotokea, yaani 1, sasa ni thamani tarajiwa ya kibadilika nasibu, yaani wastani tunaoutarajia trei nyingi zikikaguliwa, na σx ni mchepuko wake sanifu, yaani kipimo cha mtawanyiko wake. Akiomba sx, kikokotoo kinakataa na kuonyesha kosa la hisabati, kwa sababu n, yaani jumla ya safu ya FREQ, imekuwa 1 na kigawanyo n kutoa 1 kimekuwa sifuri. Katika mgawanyo wa uwezekano unaojulikana wote hakuna sampuli ya kusahihisha, na mwanafunzi analiona jambo hilo kwenye kioo kabla mwalimu hajalisema.

Katika kuchagua sampuli, kitufe cha Ran# hutoa namba ya desimali yenye tarakimu tatu, kuanzia 0.000 hadi 0.999. Tahadhari inahitajika hapa, kwa kuwa wengi hufundishwa kuzidisha Ran# kwa 400, kuondoa desimali na kuongeza 1 ili kupata namba ya trei. Kanuni hiyo haitoi haki sawa: namba 1,000 zinazowezekana hazigawanyiki sawasawa kwa 400, kwa hiyo trei ya kwanza inapata nafasi tatu katika elfu, ya pili inapata mbili, ya tatu inapata tatu, na kuendelea hivyo hadi mwisho. Njia iliyo safi ni kusoma tarakimu tatu kama zilivyo, kukubali 001 hadi 400, na kuacha 000, zinazozidi 400 na zilizokwisha kutokea. Kubonyeza kunakuwa kwingi, lakini kila trei ina nafasi moja katika elfu kila mara. Kipo pia RanInt#, kinachotoa namba kamili kati ya mipaka miwili unayoiandika, nacho huokoa muda.

Kwa mgawanyo wa kawaida, ule wenye mkunjo wa umbo la kengele, menyu ya Distr ina P, Q na R, zinazopima maeneo chini ya mkunjo huo. Zinatosha, mradi mtumiaji akumbuke kwamba Q hupima eneo kuanzia sifuri, yaani katikati ya mkunjo, wala si kuanzia mwanzo wa mkunjo.

Anayetarajia kifaa kimkosoe sampuli mbaya asikinunue kwa tumaini hilo. Mtu akichukua trei kumi za juu ya rundo kwa sababu ndizo zilizo karibu na mkono, ataacha zile za chini zilizobeba uzito wa nyingine zote, na bado atapata sx yenye tarakimu tisa za desimali. Uwezo wake pia una kikomo: safu mlalo 80 kwa thamani pekee, na 40 FREQ inapowashwa, kwa hiyo mtafiti mwenye hojaji mia tatu zenye majibu yasiyojirudia anahitaji programu ya kompyuta. Kwa mwanafunzi wa kidato cha sita, au wa mwaka wa kwanza chuoni, ningekinunua tena bila kusita, na siku ya kwanza ningemwekea zoezi la sx inayokataa.